Kufuli Namba Kumi na Nne

Sehemu ya Tano

Mlioshika hadithi hii tangu mwanzo mnajua nilipoikatia: getini pa kiwanda, Jumanne, Obura akitolewa nje na walinzi wawili kama mwizi wa kuku, kisha akageuka na kuniambia maneno matatu tu.

"Mwelu, waambie ukweli."

Wengi mmeniandikia kuuliza ni ukweli upi. Msomaji mmoja wa Makadara amesema kama ni mapenzi nimwambie mapema, aache kusoma. Ndugu yangu, si mapenzi. Ingekuwa mapenzi ningekuwa ninapata usingizi.

Aliyeingia leo asipotee. Mimi ni fundi wa maabara katika kiwanda cha sabuni huko Baba Dogo. Meneja wetu, Bwana Kyalo, alikubali kupokea wageni wawili waje wajifunze kazi kwa vitendo, majuma manane. Mmoja ni Mzee Nestor Habonimana, meneja wa kiwanda cha sabuni Bujumbura, mwenye mvi na sauti ya mchungaji. Wa pili ni Daktari Ifrah, mwanakemia wa Hargeisa, ambaye Kiswahili alikiokota Eastleigh akiwa shule ya msingi na hajawahi kukitupa. Mimi nilipewa kuwasimamia wote wawili kwa sababu, alisema Kyalo, nina diploma na nina mdomo.

Jumanne hiyo Mzee Nestor aliingiza mkono wa kulia katika mashine ya kukatia miche ya sabuni, atoe kipande kilichokwama. Obura, mwendeshaji wa mashine hiyo, akaiwasha.

Hayo mnayajua. Sasa tegeni sikio, maana nitakayoyasema leo sitaweza kuyarudisha mdomoni.

Kiwandani kwetu kuna sheria moja ambayo hata anayefagia anaijua. Kila mtu ana kufuli lake jekundu lenye namba. Kabla hujaingiza mkono kwenye mashine unazima swichi kubwa ya ukutani, unaifunga kwa kufuli lako, ufunguo unautia mfukoni mwako. Mwingine akija akaona kufuli, hawashi. Asipoliona, anaita "nawasha" mara mbili, kisha anawasha.

Kufuli hilo huligawiwi hivi hivi. Unalipata siku ya kwanza baada ya somo, na somo lenyewe ni la kitoto makusudi. Msimamizi anakusimamisha mbele ya mashine. Unavua pete na saa. Unanyoosha mikono aikague kama mwanafunzi anayeangaliwa kucha. Unarudia sheria kumi na moja kwa sauti, na ukikosea moja unaanza upya. Ndipo unasaini, msimamizi anasaini, unapewa kufuli.

Ifrah nilimfundisha asubuhi. Sisi ni rika moja. Alikosea sheria ya saba, nikamwanzisha upya, akanitukana Kisomali, tukacheka. Akapata namba kumi na tano.

Kisha ikaja zamu ya mzee.

Alisimama mikono nyuma. Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba pete hutolewa. Akaitazama kwa muda.

"Pete hii haijatoka tangu nimzike mama watoto," akasema. "Binti yangu, mimi nimepika sabuni kabla hujazaliwa. Lakini hapa wewe ndiwe mwalimu. Unataka nifanye nini?"

Wasomaji, mimi nina mdomo. Nimewahi kumjibu askari wa kaunti mpaka akamrudishia mama mboga nyanya zake. Lakini mimi ni mtoto wa Kikamba wa nyumba yenye adabu, na mbele yangu alisimama mtu wa umri wa baba yangu. Baba yangu mwenyewe sijawahi kumwambia hata asogeze kiti. Huyu nitamwambiaje, nyoosha mikono niione? Nitamwambiaje, umekosea, anza upya?

Ulimi ulinata.

"Keti, mzee," nikasema. "Unywe chai kwanza."

Chai ikanyweka. Tukaongea habari za wajukuu zake. Fomu ilipofika mezani akaisaini kwa kalamu yake ya wino, nami nikasaini chini yake: nimemfundisha, nimempa kufuli namba kumi na nne.

Kufuli namba kumi na nne nikalitia kwenye droo yangu. Nikajiambia kesho.

Siku ya tatu Obura alipita maabara akanikuta namimina chai nyingine.

"Mwelu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe bado unampa mandazi."

"Baba Seth, shughulika na mashine yako."

Juma la pili Ifrah naye akauliza. "Mzee kufuli lake liko wapi?"

"Nitampa kesho."

Akaandika kitu kwenye daftari lake. Mwanamke huyu huandika kila kitu.

Basi ndiyo hiyo kesho iliyoangukia Jumanne. Mzee alizima mashine akainama nyuma yake bila kufuli, kwa sababu kwao hawatumii makufuli, na kwetu hakuna aliyempa. Obura akarudi kutoka chai ya saa nne. Akaangalia swichi: haina kitu. Akaita mara mbili. Boila ilikuwa inanguruma, mzee hakusikia.

Obura alisema hapakuwa na kufuli. Alisema kweli tupu. Lakini karatasi yenye sahihi yangu inasema mzee alikuwa nalo. Na hesabu ya Kyalo ni fupi: kama alikuwa nalo, alilifunga, kama alilifunga, Obura alilivunja ili asipoteze muda, kisha akalitupa.

Nilikuwa nimesimama pale Kyalo alipoipiga hesabu hiyo. Nilikuwa na mdomo wangu wote. Nikanyamaza.

Jumatano jioni nilifika nyumbani Jericho nikamkuta Aluoch, mke wa Obura, ameketi kwenye ngazi ya mlango wetu. Mkononi alikuwa na karatasi za fulskepu na kalamu mpya ambayo bado ilikuwa na kibandiko cha bei.

"Habari ya kazi, nyathina, mwanangu?"

"Njema, Mama Seth. Karibu ndani."

"Sikuja kukaa, nimekuja na kazi." Lakini aliingia, akaketi pembeni kabisa ya kochi, kama mtu anayesubiri kuitwa. "Wamempa barua. Keshokutwa saa tatu ajitetee kwa maandishi. Wakimaliza naye wanasema ni polisi, na polisi ni kortini Makadara. Wewe unamjua Baba Seth. Mkono wake unajua mashine, kalamu hauijui. Ameniambia nije kwako."

"Amesema nini?"

"Amesema Mwelu akikuandikia barua, hata jiwe linajibu."

Nikauliza swali ambalo sikupaswa kuuliza. "Mbona hakuja mwenyewe?"

Aluoch alinyoosha zile karatasi juu ya paja lake. "Anaona haya. Anasema alikuomba kitu pale getini mbele ya watu. Mtu mzima haombi mara mbili."

Lazima mjue Obura ni nani kwangu. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa nimekaa na diploma yangu hapo Jericho nikiuza maji ya chupa. Ni yeye aliyebeba vyeti vyangu ndani ya koti lake la kazi, visilowe, akavipeleka kwa Kyalo na kusema, "Huyu ni binti yangu. Akikuharibia kazi, nifukuze mimi."

Niliandika hiyo barua. Mungu ananiona, sijawahi kuandika vizuri namna ile. Niliweka miaka yake kumi na tisa kwenye mashine ile. Niliweka vidole vya wenzake alivyovilinda. Aluoch akaniomba nimsomee, nikasoma: "Hapakuwa na kufuli kwenye swichi. Lingekuwepo, mkono wangu ungekauka kabla haujaligusa."

Alifuta macho kwa pindo la leso. "Umesema kama ulikuwepo."

"Sikuwepo," nikasema. Ndilo neno la kweli pekee nililotamka siku hiyo.

Aliniachia dagaa wa omena kwenye mfuko wa karatasi. Nilijaribu kukataa. Aliniambia nisimtukane.

Alhamisi nilitoa kufuli kwenye droo, nikalitia ndani kabisa ya mkoba, nikaenda hospitali kumwomba mzee msamaha. Ifrah alitaka kuja nami. Kwenye korido akasimama ghafla.

"Unakwenda kumwambia nini?"

"Kumwomba radhi."

"Halafu?"

"Halafu nitajua."

"Mwelu, nisikilize. Mimi nina daftari. Siku ya kwanza imo. Sikuandika kukukomesha, wala sikuandika kukusaidia. Ninaandika nilichoona, ndiyo kazi niliyosomea. Kesho nitakaa kwenye kikao chenu kama mgeni, sitafungua mdomo. Lakini nikiulizwa, sijui kusema sikuona."

"Basi omba usiulizwe."

"Wewe omba usiningoje niulizwe."

Mzee Nestor alikuwa kitanda cha dirishani. Mkono ulikuwa umefungwa bendeji nyeupe tupu, umening'inizwa juu kama wa mtu anayeomba nafasi ya kusema. Aliponiona alitabasamu.

"Binti yangu. Umeniletea chai?"

Nililia. Sikulia vizuri, nililia kwa makamasi, kama mtoto. Akaninyamazisha kwa mkono ule mzima.

"Yamekwisha. Bwana Phares wa shirika lililotuleta alikuja jana. Akaniuliza, ulifundishwa usalama? Nikasema ndiyo. Ulipewa kufuli? Ndiyo. Ulilifunga? Ndiyo."

"Mzee, kwa nini?"

"Kwa sababu bima yao inamlipia aliyefundishwa tu. Asiyefundishwa ni uzembe wa kiwanda, na hapo shirika na kiwanda wataandikiana barua mpaka mkono uoze. Daktari anasema kesho saa sita wanaweza kuunganisha mishipa. Ikipita kesho, vidole vitatu vinakatwa." Akavuta pumzi. "Tena wewe ungefukuzwa. Mimi ndiye niliyekuangalia kwa jicho la uzee mpaka ukaona aibu kunifundisha. Niliona, binti yangu, nikajifanya sikuona. Chai ilikuwa tamu. Kwa hiyo uongo ni wangu, acha niubebe."

Moyo ulitua, nisiwafiche. Ulitua kama mzigo wa kuni.

Kisha akasema, "Sasa nifanyie jambo moja. Yule Obura. Ndiye aliyezima mashine. Ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka garini, damu yangu yote ikamwishia yeye shingoni. Mwambie aje nimshukuru."

Hakujua. Siku mbili watu walikuwa wameingia na kutoka chumbani mle, na hakuna aliyemwambia.

Nilimtazama Ifrah. Ifrah alitazama dirisha.

Nikamwambia mimi. Kwamba Obura amefukuzwa getini. Kwamba kesho ana kikao. Kwamba "ndiyo" zake tatu na sahihi yangu moja ndizo zilizomfunga.

Alifumba macho, nikadhani dawa zimemchukua.

"Kikao ni saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Na mimi ni saa sita." Alihesabu kwa vidole vya mkono mzima: saa tatu, nne, tano, sita. "Nipe mpaka jioni. Wakishanishona nitasema yote kwa kinywa changu. Obura atarudishwa kazini Jumatatu. Kazi hurudishwa. Mkono haurudishwi."

Niambieni alikosea wapi. Mimi sikupaona. Nilimbusu kiganja, nikatoka nikiwa nimekubali.

Ifrah alinisubiri mpaka tulipofika ngazini. "Na asipoamka?"

"Usiseme hivyo."

"Akiamka, amewaambia ndiyo mara tatu akiwa na akili timamu, kisha anawaambia hapana akiwa na dawa kichwani. Wewe ungemwamini yupi?"

"Ifrah, unataka wamkate vidole?"

"Hapana," akasema. "Wala sitaki uwe wewe unayechagua. Lakini ni wewe."

Ijumaa saa mbili na nusu nilikuta gari la polisi limeegeshwa nje ya geti. Kyalo alikuwa mlangoni kwake, koti limefungwa vifungo vyote.

"Hilo gari la nini?"

"La kikao. Kikiisha, Obura anaondoka nalo." Akanisogeza kando kidogo, sauti ikawa ya nyumbani. "Mwelu, wewe ni mtu wetu. Nakuona unavyokonda. Mambo haya yana njia moja tu ya kuisha vizuri. Wageni wengine sita wanakuja mwezi ujao, mameneja watupu. Shirika likisikia hatufundishi, hawaji. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Basi kaa nyuma na uwe kimya. Najua ni kazi kwako."

Basi ile Jumatatu ya mzee ilikuwa imekufa pale pale. Mtu akichukuliwa Ijumaa, Jumatatu anaamkia kizimbani. Na Seth anafanya mtihani juma lile.

Chumbani tulikuwa watano. Kyalo kichwani mwa meza. Bwana Phares wa shirika, mtu mwembamba wa miwani, simu yake na kalamu yake vimelazwa sambamba mbele yake. Ifrah pembeni na daftari limefungwa. Obura kwa koti la kanisani, nywele amechana kwa maji. Mimi nyuma.

Kyalo alisoma barua ya utetezi kwa sauti. Aliisoma vibaya, akijikwaa kila mstari, lakini barua ilifanya kazi yake. Alipofika kwenye mkono uliokauka, Phares alivua miwani.

"Barua nzuri," Kyalo akasema. "Obura, hii si kalamu yako."

"Si yangu."

"Nani amekuandikia?"

"Mtu wa mtaani."

"Mtu wa mtaani ana jina."

Obura alitazama mikono yake, akaiweka chini ya meza. "Bwana Kyalo, nimeitwa kujibu habari ya kufuli. Ya kuandikiwa nitajibu siku nyingine."

Angeweza kunitaja. Hakunitaja. Kyalo alifungua faili, akatoa fomu ya Mzee Nestor, akailaza kando ya barua. Akatazama hii, akatazama ile. Niliona uso wake ukibadilika polepole, na najua hadi leo kwamba hakupanga. Alikuwa anatafuta kumdhalilisha Obura, akaangukia kwangu.

"Mwelu. Njoo hapa."

Nikaenda.

"Mwandiko huu naujua. Hapa umeandika mgeni alipewa kufuli. Hapa umeandika kufuli halikuwepo. Mkono ni mmoja." Alikuwa ananitolea macho, ananiomba nijibu anachotaka: niliandika tu alivyoniambia mkewe, bosi. Mlango aliniachia wazi. "Moja kati ya hizi ni uongo. Ipi?"

Saa ya ukutani ilikuwa saa tatu na dakika arobaini. Mzee alikuwa na saa mbili na dakika ishirini. Obura alikuwa na mwendo wa kutoka pale hadi getini.

Nilifungua mkoba. Nikatoa kufuli namba kumi na nne, jekundu, jipya, ufunguo wake bado umefungwa kwa uzi wa dukani. Nikaliweka katikati ya karatasi zile mbili.

"Fomu," nikasema. "Fomu ndiyo ya uongo. Sikumfundisha. Nilimwonea haya. Kufuli hili hakuwahi kuligusa, na Baba Seth hakuvunja kitu."

Kyalo aliivuta fomu kwake, akaifunika kwa kiganja. Obura alitoa mikono chini ya meza, akaiweka juu. Nikamgeukia Phares kabla ujasiri haujanikimbia.

"Bwana, nakuomba. Itume kwanza barua ya bima kule hospitali, mzee ashonwe. Kisha nifanyeni mnavyotaka."

Phares alivaa miwani yake, taratibu, sikio moja kisha la pili.

"Dada, barua niliituma saa mbili asubuhi. Sikutaka mzee achelewe kwa ajili ya kikao." Akachukua simu. "Lakini sasa nimesikia. Nikishasikia siwezi kujifanya sikusikia. Lazima niwapigie hospitali, kwamba bima huenda isilipe."

Alibonyeza namba, akaiweka simu sikioni. Ilipokuwa inaita aliniangalia moja kwa moja.

"Kuna jambo moja tu linanisumbua. Mzee Nestor aliniambia kwa kinywa chake kwamba alifundishwa, alipewa kufuli, na alilifunga. Niliandika, akasaini kwa mkono wa kushoto. Wewe ni msichana uliyekwisha kusaini uongo mara moja. Yeye ni mzee anayeheshimika. Kwa hiyo niambie wazi, nijue nimwamini nani. Unasema mzee yule ni mwongo?"

Ulimi wangu, wasomaji. Ule ule.

Nikisema ndiyo, ninamwita mwongo mbele ya watu mzee aliyejitwika kosa langu, na mkono wake ninaukata mwenyewe. Nikisema hapana, gari lile halitaondoka getini tupu.

Simu ilipokelewa. Chumba kilikuwa kimya hata sote tukaisikia sauti ya muuguzi, ndogo, ya haraka.

"Haloo, chumba cha upasuaji. Mgonjwa wenu tayari yuko mlangoni, wamemwahisha. Kuna neno, au tumwingize?"

Phares hakumjibu. Alikuwa ananisubiri mimi.